Kila Neno na Mwenzake

Mwalimu Khamis hakumwita Samia ofisini. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa la kwanza, chaki bado mkononi, akasimama pale akingoja watoto wamalize kuimba silabi zao. Samia alipomwona, alimwendea mbiombio. Walikuwa walimu wa shule moja ya msingi huko Kaole, na Khamis ndiye aliyefundisha darasa la nne, ambamo alikuwamo Adila, mtoto wa pekee wa Samia.

"Kuna nini? Ameanguka?"

"Hajaanguka. Njoo usikie mwenyewe, Mwalimu."

Walivuka uwanja haraka. Adila alikuwa amesimama mbele ya darasa na kitabu mkononi. Khamis akamwambia asome tena, naye akaanza. Alisoma vizuri mno, sauti ikipanda na kushuka mahali pake, akitua penye nukta. Ilikuwa habari ya mkulima aliyepotelewa na ng'ombe. Watoto wa madawati ya nyuma wakaziba midomo. Samia hakuelewa wanachekea nini mpaka Khamis alipomsogezea kitabu chake. Ukurasa uliofunguliwa ulihusu usafi wa visima. Habari ya ng'ombe ilikuwa ya wiki iliyopita. Adila alikuwa amewasikia wenzake wakiisoma, akaihifadhi yote, na sasa alikuwa akiitoa neno kwa neno, macho yakielekea kwenye kurasa zisizosema hayo.

"Adila," Samia akasema, "hapo pameandikwa nini?"

Mtoto akakisogeza kitabu karibu, akakirudisha mbali. Akapepesa macho. Akageuza uso upande.

"Nimesahau," akasema.

Darasa zima likaangua kicheko.

Samia alirudi kwa watoto wake wa darasa la kwanza, lakini hakufundisha tena siku ile. Alizunguka tu kati ya madawati, akiokota penseli ambazo hazikuanguka. Pale Kaole wazazi walikuwa wakibembeleza watoto wao waingizwe kwake, maana ilijulikana kwamba mtoto akipita mikononi mwa Mwalimu Samia hatoki bila kujua kusoma. Na wa kwake, aliyemlaza kifuani na kumfundisha irabu kabla hajaota meno yote, alikuwa darasa la nne na hajui kusoma. Tena alikuwa amemficha yeye, mama yake, aliye mwalimu wa kusoma.

Nyumbani kwao kulikuwa mjini Bagamoyo, katika nyumba kongwe ya ukoo wa mumewe. Humo aliishi na mume wake, Abdullatif, fundi wa mashine za boti, pamoja na mama mkwe, Bi Zaina. Jioni ile Samia aliwaeleza akiwa amesimama. Kila alipoambiwa akae, alikaa kidogo kisha akajikuta yuko dirishani.

"Lakini mtoto ana akili," Bi Zaina akasema. "Chuoni maalimu anamsifu. Sura anazihifadhi kuliko wavulana."

"Anazihifadhi kwa masikio, Mama. Ndiyo maana hatukuona."

"Basi kuna jicho la mtu."

Abdullatif alikuwa akifuta mafuta ya mashine mikononi. "Mwache apumzike leo," akasema. "Kesho tutazungumza."

Samia hakumwacha apumzike. Kuanzia asubuhi iliyofuata alimwamsha kwa sala ya alfajiri na kumkalisha na kitabu. Alimtafutia mwalimu wa tuisheni. Alimwandikia maneno kwa kalamu nene, akabandika makaratasi kila ukuta, hata mlango wa choo ukawa na neno. Bi Zaina akaomba kwa maalimu kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, akamnywesha mjukuu wake maji hayo, na Samia hakukataa. Siku zile hakukataa kitu chochote. Adila alisoma mistari miwili akaanza kujikuna. Mistari mitatu akaomba maji. Ukimlazimisha zaidi alishika paji la uso na kusema kichwa kinauma, na Samia, ambaye miaka yote alikuwa amesikia watoto wakisingizia kichwa, hakumwamini.

Alimpeleka pia kupimwa macho kwenye kituo cha afya. Mhudumu alikuwa mtu mpole aitwaye Alawi. Alimweka Adila mwisho wa ukumbi, akamwonyesha lile bango la herufi ukutani, akamziba jicho la kulia, kisha la kushoto. Adila alizitaja herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, zile ndogo ambazo Samia mwenyewe alizikunjia uso.

"Macho mazima," Alawi akasema. "Mshukuru Mungu."

Samia alitoka nje akiwa na hasira kuliko alivyoingia. Laiti angeambiwa mtoto haoni, angelia, lakini angejua la kufanya. Sasa hakuwa na pa kushika. Macho mazima, akili nzima, basi kilichobaki ni ukaidi. Njia nzima ya kurudi hakumsemesha mtoto.

Ukweli ulijitokeza siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Samia alikuwa akikunja nguo huku akimsikiliza Adila akisoma kibarazani, kwa kukwama, neno na kikohozi, neno na kikohozi. Ghafla sauti ikanyooka. Mstari mmoja ukapita, ukafuata wa pili, bila kukwama. Samia akachungulia. Adila alikuwa ameuvuta mtandio wake ukaziba jicho zima la kushoto, na amekiinamia kitabu.

"Shusha mtandio! Unasoma au unacheza?"

Adila akaushusha. Sauti ikavunjika tena, na mstari ukamponyoka, akarudia ule aliokwisha kuusoma.

Samia akaweka chini nguo. Akamwendea, akaketi mbele yake sakafuni. "Ziba tena."

Mtoto alimtazama kwa woga.

"Ziba, sikugombezi. Soma."

Adila akaziba, akasoma. Polepole, lakini maneno yalikuwa yaleyale yaliyokuwa kitabuni.

"Ukiziba kunakuwaje?"

"Maneno yanatulia."

"Yanatulia vipi? Kwani yanakwenda wapi?"

"Yanapandana." Adila akaweka vidole viwili vya mkono mmoja juu ya viwili vya mwingine, akavitikisa. "Mwanzo yako sawa. Halafu kila neno linatoa mwenzake, na mwenzake anamkalia jirani. Nikiyafuata sana kichwa kinauma."

"Tangu lini?"

"Siku zote."

"Na kwa nini hukusema, Adila?"

Mtoto alifikiri. Hakuwa analia, ilionekana kweli kwamba hajawahi kuulizwa jambo hilo.

"Nilidhani kila mtu yanamfanyia hivyo," akasema. "Nilidhani nyinyi mnajua lipi ndilo la kweli."

Samia hakumngoja hata Abdullatif arudi. Alivaa buibui lake, akamshika mtoto mkono, wakaenda mpaka kituo cha afya, wakamkuta Alawi anafunga dirisha. Samia akamweleza palepale mlangoni, maneno yakimtoka ovyo. Alawi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hilo sikulipima," akasema. "Mimi nilipima kuona kwa mbali, jicho moja moja. Macho yakifanya kazi pamoja, karibu, hicho ni kipimo kingine na hapa hatuna mtu wake." Akamwandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam, kwa mtaalamu aliyesomea mazoezi ya macho.

Mtaalamu huyo aliitwa Wahida, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Adila kwenye kiti, akashika kalamu mbele ya uso wake na kuisogeza taratibu kuelekea pua. "Niambie zikiwa mbili."

Kalamu ilikuwa bado mbali, karibu urefu wa mkono wa mtoto, Adila aliposema, "Mbili." Samia aliona kwa macho yake jicho la kushoto la binti yake likiacha kufuata, likitoka nje pole kama mtu anayejitenga na msafara. Miaka kumi alikuwa ameutazama uso ule, na hakuwahi kuliona hilo.

"Kila jicho peke yake ni zima," Wahida akaeleza. "Kwa mbali hakuna taabu. Lakini ili usome, macho yote mawili lazima yageuke ndani na yakutane kwenye neno moja, na yabaki hapo. Ya kwake yanakutana kwa nguvu nyingi, halafu yanachoka na kuachana. Hapo ndipo neno linakuwa mawili."

"Atavaa miwani?"

"Miwani haitamaliza hili. Atafanya mazoezi. Hapa kwangu kila Jumamosi, na nyumbani kila siku, kidogo kidogo. Watoto wengi wenye tatizo hili hupata nafuu, lakini siwezi kukupa tarehe. Na nikuambie mapema, Mwalimu, mazoezi hayafundishi kusoma. Yanamwondolea kizuizi tu. Kusoma atajifunza baadaye, na ameachwa nyuma."

"Ana upimaji wa taifa mwezi wa kumi."

Wahida akatoa kamba nyeupe yenye shanga tatu za rangi, akafunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, ncha nyingine akamwekea Adila kwenye pua. Akamwonyesha jinsi ya kutazama shanga ya mbali, kisha ya kati, kisha ya karibu, na kusema anachoona.

Samia aliichukua kamba ile nyumbani kama mtu aliyepewa dawa ya kuokoa roho. Aliambiwa dakika chache, yeye akaongeza. Aliambiwa mtoto akichoka aache. Yeye alimpa maji na kuanza upya. Asubuhi kabla ya shule, mchana akitoka, jioni baada ya chuo. Oktoba ilikuwa inakuja, naye aliihisi mgongoni kama mtu anayemsukuma.

"Nyekundu, ngapi?"

"Mbili."

"Tazama vizuri. Vuta macho. Ngapi?"

"Mbili, Mama."

"Basi tunaanza tena mwanzo."

Abdullatif alimwambia mara moja, akiwa mlangoni na boksi lake la spana, kwamba mashine ukiikaza sana skrubu unaikata. Samia akamwuliza kama yeye ndiye atakayesimama mbele ya walimu wenzake matokeo yakitoka. Abdullatif akaenda zake kazini.

Kisha, karibu na katikati ya Agosti, mambo yakaanza kunyooka. "Ngapi?" "Moja." Ya kati? Moja. Ya karibu kabisa? Moja. Samia hakuamini furaha yake. Alimbusu Adila kipajini, akampigia Khamis simu, akampikia mtoto vitumbua. Bi Zaina akasema alhamdulillahi. Kusoma kwenyewe hakukubadilika, lakini si mtaalamu alisema kutafuata baadaye?

Jumamosi iliyofuata Wahida alifunga kamba na kuuliza, "Shanga ngapi?"

"Moja," Adila akajibu upesi.

"Na kamba?"

"Moja."

"Kamba moja?"

"Ndiyo. Moja."

Wahida alishusha kamba. Alichukua kalamu, akapima tena kama siku ya kwanza, akapima mara ya pili. Kisha akaketi.

"Mwalimu, mtu anayeitazama shanga hii kwa macho yote mawili ipasavyo huona shanga moja lakini kamba mbili, zinazokutana pale kwenye shanga. Mtu yeyote. Hata wewe. Adila anasema kamba moja, na kipimo changu hakijasogea. Ama jicho moja limeacha kazi kabisa, na nimeliangalia halijaacha, ama ananipa jibu analodhani tunalitaka."

Samia akamgeukia binti yake. Adila alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umekuwa ukinidanganya?"

"Nikisema mbili unaanza upya," Adila akasema, na sasa machozi yakamtoka. "Nikisema moja unanipa vitumbua."

Samia aliinuka, akaketi, akainuka tena. Alitaka kugomba na hakujua amgombeze nani. Wahida akafungua droo, akatoa miwani mizito ya majaribio, akaiwekea vioo vya kuyapotosha macho.

"Vaa hii kidogo," akamwambia Samia, akampa kitabu cha watoto. "Soma kwa sauti."

Samia akavaa. Ukurasa ulijigawa. Kila mstari ulipanda juu ya mwenzake, ukajitenga, ukarudi. Akalipata neno la kwanza kwa kukaza uso. La pili likawa mawili. Aliziba jicho bila kufikiri.

"Usizibe," Wahida akasema. "Soma mpaka chini."

Alisoma nusu ya mstari, akaruka mwingine, akasema neno ambalo halikuwepo kwa sababu lilikuwa linafaa pale. Paji la uso likaanza kumwuma. Aliivua ile miwani akaiweka mezani kwa nguvu, na alipoinua macho, Adila alikuwa ameacha kulia na anamtazama kwa hamu.

"Umeona?" mtoto akauliza. "Umeona yanavyofanya?"

"Nimeona," Samia akasema. Akamvuta karibu. "Nimeona, mama."

Kuanzia siku ile kamba ilihama mikono. Abdullatif ndiye aliyeishika, asubuhi kabla ya kwenda kwenye boti. Yeye hakuwa na haraka. Adila akisema mbili, aliitikia "sawa" kwa sauti ileile ambayo angeitikia moja, na muda ukitimia alifungua fundo na kuiweka kamba mfukoni. Samia alikubaliana na mumewe kwamba atakaa pale bila kusema neno. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Alikalia mikono yake. Kila "mbili" ilimpita mwilini, na alijilazimisha uso usibadilike, kwa sababu alijua mtoto anautazama uso huo kuliko shanga.

Oktoba ikaja, ikapita. Khamis alimkalisha Adila dirishani penye mwanga, zaidi ya hapo hakuwa na uwezo. Matokeo yalipotoka, hakufikia alama za kupanda darasa. Angerudia darasa la nne.

Walimu wenzake Samia walimpa pole kwa namna ambayo ilimfanya atamani kubomoa ukuta wa ofisi. Alimwambia Adila mwenyewe, bila kuzunguka, wamekaa kwenye ngazi ya mbele ya nyumba.

"Wenzangu watakwenda la tano?"

"Watakwenda."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Mwanzoni."

Adila akaingia ndani, akajilaza kwa Bi Zaina, na usiku ule hakula. Samia hakumfuata. Alizunguka ua mpaka Abdullatif akamletea kiti.

Mwaka mpya ukaanza, na Jumamosi za Dar zikaendelea. Kalamu ya Wahida ikaanza kusogea karibu zaidi kabla ya kugawanyika. Kidogo, kisha kidogo tena, kisha wiki nyingine haikusogea kabisa. Asubuhi moja Adila alimwambia baba yake, kwa mshangao, kwamba kamba zimekuwa mbili na zinafanya msalaba kwenye shanga. Abdullatif akasema "sawa". Samia alikwenda jikoni akasimama nyuma ya mlango, ameziba mdomo kwa kanga.

Kusoma kulikuja kwa shida, kama Wahida alivyosema. Samia alimrudisha kwenye silabi, kitabu chenye maandishi makubwa, kipande kifupi kisha mapumziko. Shuleni alianza pia kuwatazama watoto wake kwa jicho jingine. Mmoja aliyekuwa akiinamisha kichwa upande alimpeleka kwa Alawi, na rufaa ikaandikwa. Mwingine alipimwa akakutwa hana tatizo lolote la macho, na Samia ikabidi aendelee kutafuta kinachomkwamisha.

Mwezi wa Mei, jioni moja baada ya alasiri, Adila alitumwa kununua samaki wa kukaanga kwa Bi Mwajabu, karibu na soko la samaki. Alirudi nao wamefungwa kwenye gazeti la zamani. Samia aliwahamishia kwenye sahani, akalikunja gazeti alitupe.

"Usilitupe," Adila akasema. "Ngoja."

Alilinyoosha juu ya meza, mafuta na yote, akaliinamia. Samia alisimama na kijiko mkononi.

"Mzee mmoja wa Pa... Pangani," Adila akasoma, "aliamka asu-buhi akakuta mlango wa nyumba yake ume... umebiwa. Umeibwa." Akafumba macho, akayafumbua, akaendelea. "Vitu vyote vya ndani vilikuwa salama. Wezi waliondoka na mlango tu. Mzee huyo alisema ali-po-toka nje alimkuta..."

Gazeti lilikuwa limechanwa hapo.

"Alimkuta nani?" Adila akauliza.

"Sijui," Samia akasema. "Si gazeti langu."

"Lakini alimkuta nani, Mama? Mtu anaibaje mlango?"

"Kaa ule kwanza, samaki wanapoa."

Adila hakukaa. Aligeuza karatasi upande wa pili, kulikuwa na tangazo la saruji. Akalisoma nusu, akaliacha kwa dharau. Akajitanda mtandio.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Mwajabu. Nusu nyingine anayo yeye."

Alikwisha kutoka. Samia aliweka kijiko chini akamfuata, na alipofika kwenye banda la samaki alimkuta binti yake amechutama kando ya karai la mafuta, rundo la magazeti limemwagika miguuni pake. Bi Mwajabu, ameshika koleo, alikuwa akilalamika.

"Shikamoo, Bi Mwajabu," Samia akasema.

"Marahaba. Mwalimu, mwambie mwanao. Ananivurugia karatasi zangu, na wateja hawa hapa."

Samia alimtazama Adila. Alikuwa akichukua karatasi moja moja, akiisogeza mbele ya uso, midomo ikitembea, akisoma mwanzo wa kila kipande na kukiweka kando. Jicho moja lilikuwa jekundu kidogo. Alikuwa ameanza kuchoka. Aliyafumba yote mawili kwa kitambo, kisha akashika karatasi nyingine.

"Si hii," akasema peke yake. "Hii ni ya mpira."

"Nitakusaidia kuzipanga, Bi Mwajabu," Samia akasema. Akakusanya buibui lake, akachutama upande wa pili wa rundo, akaanza kutafuta.